Madoa, Moja Moja

Toa ashu mfukoni uiangalie vizuri. Upande mmoja kuna simba. Sarafu hizi zilizinduliwa Desemba 2018, kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa zetu. Marais wakatoka, wanyama wakaingia: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Kwa hivyo simba ambaye wengi wetu hapa Eldoret tumemshika mkononi ni huyo wa chuma. Mwingine amechorwa nyuma ya matatu, meno nje, macho ya manjano. Mwingine yuko kwenye fulana ya mtumba. Wengine elfu wamo ndani ya simu.

Sasa ni wangapi kati yetu wamekutana naye ana kwa ana? Mji huu ulianza kama Shamba Nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo, na ukitoka nje yake unakutana na mahindi na ngano. Chui, simba na duma ni wanyama tunaowajua kwa picha na kwa maneno. Lakini tunawachora. Msee wa penseli wa Langas au Kapsoya hupata oda za aina tatu: picha ya marehemu, picha ya maharusi, na picha ya paka mkubwa wa kutundika juu ya kochi. Na mteja wa hiyo ya tatu hutaka kitu kimoja tu: "Nataka akae real."

Hapo ndipo swali langu linaanzia. Kukaa "real" ni nini, kwa mchoraji na mteja ambao wote wawili hawajawahi kumwona mnyama mwenyewe? Na je, ukimchora vibaya, umemkosea mtu yeyote? Chui hatakuja kulalamika. Mteja hatajua. Mbona basi iwe shida?

Nitajibu kwa kufuata hatua za mchoro wenyewe, nikimtumia chui kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote.

Hatua ya kwanza haina penseli. Ni kuangalia jicho. Mwambie mtu achore jicho la chui bila kutazama picha, na kuna uwezekano mkubwa atakuchorea mboni nyembamba iliyosimama wima, kama ufa wa mlango. Hiyo ni mboni ya paka wa nyumbani. Mboni ya chui ni ya duara, kama yako na yangu. Ya simba pia. Cha kushangaza ni kwamba hata mtu aliyewekewa picha mbele yake anaweza kuchora ule ufa. Macho yameona duara, lakini mkono umeandika neno "paka", na neno "paka" lina mboni yake tayari. Mkono unafuata neno.

Jambo hili si la wanaoanza tu. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na habari zake zikasambaa Ulaya yote. Albrecht Dürer, mmoja wa wachoraji hodari kuliko wote wa wakati wake, alikuwa Nuremberg. Hakumwona kifaru huyo hata siku moja. Alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine, na kwa hayo akamchonga kwenye ubao na kumpiga chapa: ngozi kama vazi la chuma la askari, miguu yenye magamba, na pembe ndogo ya pili mgongoni ambayo hakuna kifaru aliye nayo. Kazi ni nzuri ajabu. Kila mstari umewekwa na mtu anayejua kazi. Na kwa zaidi ya miaka 200 vitabu vya Ulaya viliendelea kuikopi, pembe ya mgongoni ikiwa hapo hapo. Ustadi wa Dürer uliupa uvumi nguvu, kwa sababu nani angebishana na mchoro uliokamilika hivyo?

Tuna mfano wetu karibu zaidi. Simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa madume, na hawakuwa na manyoya makubwa ya shingoni. Simba dume wengi wa Tsavo wako hivyo. Leo wawili hao wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago, na ukiwaona bila kuambiwa ungedhani ni majike. Lakini waambie watu wachore simba wa Tsavo, uone kama hawatawavalisha lile taji la nywele. Watakuwa wamechora nembo.

Hatua ya pili ndiyo ya penseli, nayo ni ya unyenyekevu. Chukua HB na uchore duara jepesi la fuvu. Pitisha mstari wa katikati kutoka utosini hadi kidevuni, kisha mstari wa macho. Chini weka duara dogo la pua na mdomo. Usibonyeze. Mistari hii yote itafutwa. Pembe za ndani za macho huteremka kuelekea puani. Ukiziweka sawa na za nje, utapata mtu aliyevaa sura ya chui. Pima umbali wa jicho hadi jicho, wa jicho hadi pua. Ukikwama, geuza picha na karatasi zote mbili, kichwa chini. Betty Edwards alieneza zoezi hilo kwenye kitabu chake cha mwaka 1979, na linafanya kazi kwa sababu rahisi: uso uliopinduliwa hauna jina haraka. Ubongo hauwezi kusema "jicho, nalijua hilo." Unabaki na pembe, umbali na giza, na inabidi uangalie.

Hatua ya tatu ni manyoya. Manyoya ya uso wa chui huanza puani, mafupi sana, yakipanda katikati ya macho kuelekea kipaji, halafu yanajigawa kwenda pembeni, na mashavuni yanakuwa marefu. Mwenye haraka huyachora yote yakiangalia upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Wewe fuata njia yao. Anza na 2B kwa wepesi, ongeza 4B polepole, na 6B uiweke akiba kwa yale maeneo meusi kabisa. Sharubu zinataka mpango wa mapema. Huwezi kuongeza mstari mweupe kwa penseli nyeusi, kwa hivyo kabla ya kutia kivuli chukua kalamu iliyoisha wino na ubonyeze mistari ya sharubu kwenye karatasi. Baadaye penseli itapita juu ya hiyo mifereji midogo na kuiacha nyeupe. Yaani kuna sehemu ya ukweli ambayo unailinda kwa kuamua mapema kwamba hutaigusa.

Kabla hatujafika kwenye madoa, kuna pingamizi ambalo najua wasee wa penseli wanalo mdomoni. "Sisi tunakopi picha. Picha haidanganyi. Ukichora miraba juu ya picha na miraba kwenye karatasi, ukihamisha kila mraba, umemaliza. Maadili yanaingilia wapi?"

Yanaingilia mara mbili. Kwanza, picha ina mwenyewe. Mwaka 2019 dunia nzima ilisambaza picha za chui mweusi wa Laikipia. Zilipigwa na Will Burrard-Lucas, aliyeacha kamera zake porini usiku baada ya usiku akisubiri mnyama apite mbele yake. Mtu akikaa na penseli kwa saa 40 kuikopi picha kama hiyo, saa 40 ni zake. Kuingoja ile sekunde moja si kwake. Kumtaja mpiga picha chini ya kazi yako, na kuomba ruhusa kabla ya kuuza, hakupunguzi jasho lako hata tone.

Pili, picha moja ni ukweli wa sekunde moja kupitia lenzi moja. Lenzi ndefu hulaza uso na kusogeza masikio karibu na pua. Chui akipiga mwayo, kamera itakupa meno yote nje, na wewe utamuuzia mteja "chui aliyekasirika" kumbe mnyama alikuwa na usingizi. Ndiyo maana mchoraji mwenye bidii hukusanya picha tano, sita, za pembe tofauti. Anayeweza hupanda gari hadi Kisumu, ambako kwenye hifadhi ya Impala kuna paka wakubwa waliofungiwa, na kukaa pale akiangalia bega linavyopanda mnyama anapotembea. Chui wa kizimbani naye si habari kamili. Anatembea kama mfungwa kwa sababu ni mfungwa. Lakini angalau yeye anaweza kukusahihisha. Atageuka wakati hukutaka ageuke. Picha iliyoganda haiwezi kukufanyia hivyo.

Hapo ndipo naona maana ya "real" inaanza kuonekana. Mchoro ni wa kweli pale mchoraji alipokubali kusahihishwa na kitu kilicho nje ya mapenzi yake. Kwa kipimo hiki, Edward Saidi Tingatinga hakudanganya. Mtanzania huyo alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya mbao nyembamba, hadi kifo chake mwaka 1972. Chui katika mtindo ulioachwa na jina lake ana macho makubwa, mwili wa mviringo na madoa yaliyopangwa kama kitambaa. Hakuna anayedhani ndivyo alivyo porini, na mchoro wenyewe haudai hivyo. Unasema wazi: hii ni ngano, hii ni furaha ya rangi. Uongo unaanza tunapochukua uvumi, tukautia vivuli vya 6B na sharubu nyeupe, halafu tukausaini kama ushahidi.

Tufike sasa kwenye madoa, kwa sababu hapa Eldoret neno hilo si la chui peke yake.

Mtu mzima wa mji huu anajua "madoadoa" lilimaanisha nini. Lilikuwa jina la jirani aliyetoka jamii nyingine. Lilimgeuza kuwa uchafu kwenye nguo safi, na uchafu kazi yake ni kuondolewa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujificha, wengi wao wanawake na watoto. Januari 2022 neno lile lile lilitamkwa tena kwenye mkutano wa siasa hapa hapa mjini, na aliyelitamka akakamatwa. Mwaka huo huo, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki.

Kuna namna rahisi ya kuunganisha mambo haya mawili, na siitaki. Ni ile ya kusema kwamba chui anapendeza kwa madoa yake, na Kenya pia inapendeza kwa makabila yake. Hiyo ni bango la sikukuu. Haimsaidii mtu aliyechomewa nyumba, na haimsaidii mchoraji.

Angalia badala yake kinachotokea unapochora doa la chui. Ukiwa mbali, unaona madoa: neno moja, wingi mmoja, unaweza kuyatupia tu kwa nukta za penseli. Ukikaribia, neno linakufa mkononi. Usoni na miguuni ni alama nyeusi zilizojaa. Ubavuni zinafunguka na kuwa kama waridi, vipande vitatu au vinne vilivyozunguka katikati yenye rangi nzito kidogo kuliko manyoya ya nje. Kwenye mkunjo wa bega waridi linajibana. Kwenye tumbo linajitanua. Hakuna mawili yanayofanana. Watafiti wanaoweka kamera porini humtambua chui mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa yake, kama vile polisi anavyosoma alama za vidole. Yaani lile lililoonekana kutoka mbali kama kitu kimoja cha kurudiwa, ukilisogelea ndilo linalomtofautisha huyu na yule.

Lakini lazima tuwe wakweli kuhusu mipaka ya mfano huu. Mtu anaweza kuniambia hivi: waliofukuzana 2008, wengi walikuwa majirani kwa miaka. Walikuwa wamekaribiana tayari. Walijua majina ya watoto, walikopeshana sukari, walizikana. Kama kuangalia kwa karibu kunaokoa, mbona hakukuwaokoa? Na mwindaji je? Hakuna anayemwangalia chui kwa makini kuliko mtu anayetaka ngozi yake. Wale simba wa Tsavo waliangaliwa usiku kwa usiku na John Henry Patterson, na baada ya kuwapiga risasi, ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa Chicago.

Pingamizi hili ni zito, na nadhani jibu lake liko kwenye ile mboni tuliyoanza nayo. Kumbuka: mkono unaweza kuchora ufa hata wakati picha ya duara iko mbele yako. Kuona peke yake hakutoshi, kwa sababu neno lina uwezo wa kuja juu ya kile ulichokiona na kukifunika. Jirani anaweza kumjua Mama Fulani kwa miaka 20, halafu jioni moja mtu mwenye kipaza sauti akampa neno, na neno likamfunika Mama Fulani mzima mzima. Hakuwa amekosa habari. Alikuwa nazo zote, akaacha kuzitumia. Na mwindaji naye anaangalia mpaka pale anapopata anachotaka, basi. Kuangalia kwake kuna mwisho uliopangwa kabla hajaanza.

Mchoro unafundisha kitu kingine, nacho ni kurudi. Unaangalia, unaweka alama, unarudi kuangalia tena, unakuta alama imekosea, unashika raba. Mara mia, mara elfu, kwa mnyama mmoja. Kila unaporudi, unaulizwa upya: umechora ulichoona, au ulichokuwa nacho tayari? Mwanafalsafa Iris Murdoch, kwenye kitabu chake *The Sovereignty of Good* cha mwaka 1970, anatoa mfano wa mama mkwe asiyempenda mke wa mwanawe. Anamwona hana ustaarabu, ana kelele, ana utoto. Nje anamtendea vizuri kabisa. Hakuna anayeweza kumlaumu. Lakini ndani anajiuliza kama yeye mwenyewe si mwenye wivu na mawazo ya kizamani, na anaamua kumwangalia tena. Polepole yule aliyekuwa wa kelele anaonekana mchangamfu, na aliyekuwa hana ustaarabu anaonekana hana makuu. Kwa nje hakuna kilichobadilika hata kidogo. Murdoch anasisitiza kwamba mama huyu amefanya kazi, na kazi hiyo ni ya maadili. Mama wakwe wetu wanaijua kazi hiyo, na wanajua inavyochosha.

Kwa hivyo deni kati ya mchoraji na chui lipo, hata kama chui hatawahi kulidai. Analidai mkono wako. Ukimzoesha kufuata neno kwenye karatasi, ambapo hakuna anayeumia, ndivyo utakavyofuata neno kwenye stage, kwenye grupu la WhatsApp, siku ya kupiga kura. Sisemi wachoraji ni watu wema kuliko wengine. Ninawajua wachache, na hapana. Nasema tu kwamba ni moja ya kazi chache ambapo unaweza kufanya mazoezi ya kutoamini neno lako la kwanza, kwa bei ya penseli nne na raba moja.

Siku hizi programu ya akili unde itakuletea chui ndani ya sekunde, mwenye mwanga wa jioni mgongoni. Mteja anaweza kuridhika, na sina ugomvi naye. Ila picha hiyo imetokea bila mtu yeyote kusahihishwa njiani. Ukuta umepata chui, na aliyeagiza amebaki na macho yale yale.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, tafuta picha sita na jioni tatu. Anza na jicho, fanya mboni iwe duara. Shuka hadi shingoni, kisha ubavu wa kulia, doa baada ya doa. Ukifika ubavu wa kushoto utakuwa umechoka, na utashawishika kurudia yale yale ya kulia, kwa sababu umeshayajua. Usiyarudie. Kwa chui, madoa ya kushoto si yale ya kulia. Angalia upya.